Udhuru wa Kikao: Namna ya Kukataa Mwaliko Kazini kwa Heshima

Mwaliko wa kikao kazini huomba vitu viwili kwa mpigo: muda wa mwalikwa na mchango wake. Kukataa kwa heshima ni kuvitenganisha vitu hivyo, ili muda ubaki kwenye kazi nyingine na mchango ufike kikaoni kwa njia nyingine. Udhuru unaonyima vyote viwili humwachia mwitaji pengo, hata ukipambwa kwa maneno matamu. Udhuru unaotanguliza mchango, au unaoonyesha kwamba mchango wenyewe hauhitajiki, hupokewa bila kinyongo hata na mkuu mkali.

Haja ya kukataa hutokana na hesabu nyepesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki. Kwa kipimo hicho, kikao cha saa moja chenye watu tisa kimekula siku nzima ya mfanyakazi mmoja, na hapo hazijahesabiwa dakika za kusubiriana, foleni ya kwenda ukumbini wala chai. Mwajiri anayelipa saa hizo hapati chochote kwenye kiti kilichokaliwa na mtu asiye na la kusema. Hata hivyo, katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki kuhudhuria ni heshima kwa aliyeita, na kiti kitupu kisicho na maelezo husomwa kuwa dharau. Ndiyo maana udhuru una taratibu zake.

Vikao visivyokataliwa

Kabla ya kutafuta maneno ya kukataa, mfanyakazi hutazama kwanza kama kikao chenyewe kinakatalika. Vipo vinne vya kuangaliwa kwa makini.

Cha kwanza ni kikao cha nidhamu. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa Tanzania mwaka 2007 zinampa mtuhumiwa muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, lakini zinamruhusu pia mwajiri kuendelea bila yeye iwapo atakataa kuhudhuria pasipo sababu ya msingi. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumwachisha kazi kwa utovu wa nidhamu, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe. Anayekacha kikao cha namna hiyo huitupa haki yake kwa mkono wake. Mwenye sababu ya kweli, kama vile ugonjwa, huomba kwa maandishi kikao kiahirishwe na kuambatisha cheti cha daktari.

Cha pili ni kikao chenye akidi. Bodi, kamati za ajira na kamati za kutathmini zabuni haziwezi kuamua lolote idadi ya wajumbe ikipungua. Mjumbe wa vyombo hivyo humuuliza katibu, kabla ya kutoa udhuru, wangapi wameshathibitisha. Asipotimiza akidi yeye, kazi ya wote imesimama. Hata hivyo, mjumbe mwenye maslahi binafsi katika jambo linalojadiliwa, kwa mfano ndugu yake kuwa miongoni mwa walioomba zabuni, hutangaza mgongano huo wa maslahi na kujitoa. Hapo kujitoa ni wajibu, na sababu hutajwa wazi ili iingie kwenye kumbukumbu.

Katika vyombo vyenye kanuni, taarifa peke yake mara nyingi haitoshi, kinachotakiwa ni ruhusa. Mfano unaofahamika zaidi ni Bunge. Katiba ya Tanzania, ibara ya 71, inamvua ubunge anayekosa mikutano mitatu mfululizo ya Bunge bila ruhusa ya Spika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 103, inamwondoa anayekosa vikao vinane bila ruhusa ya Spika ya maandishi na bila maelezo ya kuridhisha. Machi 2019, mbunge wa Arumeru Mashariki, Joshua Nassari, alipoteza kiti chake kwa kigezo cha mikutano mitatu, ingawa alieleza kwamba alikuwa amemtaarifu Spika kwa barua pepe. Bodi na kamati nyingi za mashirika zina masharti ya aina hiyo, na mjumbe makini huyasoma siku anayoteuliwa, asisubiri siku anayotaka kukosa.

Cha tatu ni makabidhiano ya ofisi. Anayekabidhi hana mbadala, kwa kuwa funguo, mafaili na saini ni vyake. Cha nne ni tathmini ya utendaji kati ya mfanyakazi na msimamizi wake. Kikao hicho kinaweza kusogezwa, lakini anayekikwepa huacha alama zake ziandikwe na upande mmoja.

Kuupima mwaliko

Nje ya vikao hivyo vinne, mwaliko hupimwa kwa maswali machache. Kikao kinatafuta uamuzi gani? Mwalikwa ana taarifa, mamlaka au ujuzi gani ambao hakuna mwingine ukumbini atakuwa nao? Je, anachokijua kinaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja? Na kazi gani italala endapo atahudhuria? Mwenye kujibu maswali hayo huwa ameshapata pia maneno ya kuandika kwenye udhuru wake, kwa sababu majibu yale yale ndiyo atakayotaka kuyasikia mwitaji.

Mialiko yenyewe hugawanyika. Kikao cha taarifa, ambacho mmoja anaeleza na wengine wanasikiliza, ndicho chepesi kukataa. Muhtasari wake ukisomwa, hakuna kilichopotea. Kikao cha majadiliano hukatalika kama maoni yanaweza kutangulizwa kwa maandishi. Kikao cha uamuzi ni kizito zaidi, kwani asiyekuwepo hufungwa na yaliyopitishwa na haitampendeza mtu yeyote akianza kuyapinga kwenye korido. Anayekosa kikao cha uamuzi hutakiwa aseme mapema kwamba atakubali kitakachoamuliwa, au aeleze hoja moja ambayo angependa ipewe uzito.

Ipo aina ya nne ambayo huwapoteza wengi: kikao cha itifaki. Kumuaga mstaafu, kumkaribisha mkurugenzi mpya, kumpongeza mfanyakazi aliyepandishwa cheo, au dakika chache za kumpa pole aliyerudi kutoka msibani, haya hayana ajenda ya kuchangia. Mchango unaotakiwa ni uso wa mtu, na uso hautumwi kwa barua pepe. Asiye na muda wa kukaa hadi mwisho hupita mwanzoni, akasalimia, akaomba ruhusa ya kuondoka kwa aliye karibu na mwenyekiti. Dakika kumi za namna hiyo zina thamani kuliko ujumbe mrefu wa kuomba radhi.

Mwaliko usio na ajenda haukataliwi kabla ya kuulizwa. Swali la adabu linatosha: “Nashukuru kwa mwaliko. Naomba nipate ajenda, ili nijue nije na nyaraka zipi au kama kuna mwenzangu wa idara anayefaa zaidi kuliko mimi.” Mara nyingi jibu la swali hilo humaliza jambo lenyewe. Mwitaji hugundua kwamba alichokihitaji ni takwimu mbili, naye huzipata siku hiyo hiyo. Kalenda za kompyuta nazo hutofautisha anayelazimika kuhudhuria na asiyelazimika. Aliyewekwa kwenye kundi la pili ameshapewa ruhusa ya kukosa, na kilichobaki ni kujibu tu.

Wakati wa kujibu

Udhuru hupungua thamani kila siku inayopita. Jibu linalotolewa siku ya kupokea mwaliko, au siku inayofuata, humkuta mwitaji bado anaweza kubadilisha tarehe, kumwita mwingine au kuondoa ajenda inayomhusu asiyekuja. Baada ya hapo makabrasha yanachapwa, chakula kinaagizwa kwa idadi ya vichwa, na pale penye posho ya kikao, masurufu yanaombwa kwa majina. Udhuru wa asubuhi ya kikao huwa umechelewa kwa yote hayo, na huhesabika kuwa wa dharura. Huo hutolewa kwa simu, si kwa barua pepe ambayo katibu ataifungua kikao kikiwa kimekwisha.

Kukaa kimya ni kosa kubwa kuliko kukataa. Muhtasari wa kikao huwa na sehemu tatu za mahudhurio: waliohudhuria, waliotoa udhuru, na wasiohudhuria bila taarifa. Sehemu ya tatu husomwa na wakuu na hubaki kwenye faili kwa miaka. Mstari mmoja wa taarifa unatosha kumhamisha mtu kutoka sehemu hiyo kwenda ya pili.

Jibu la nusu nalo husumbua. “Nitajitahidi,” “nitaangalia” na “Inshallah nikipata nafasi” ni maneno yanayoeleweka kati ya marafiki, ambapo anayesikia hujua kwamba mwenzake hatakuja na hamlaumu. Katibu anayepanga viti na makabrasha hana pa kuyaandika. Asiyejua kama ataweza hutaja lini atajua: “Naomba nithibitishe kesho mchana.” Akishindwa kuthibitisha kwa muda huo, huhesabiwa kuwa hatakuwepo.

Njia ya kupeleka udhuru

Kanuni ya jumla ni kwamba udhuru hurudi kwa njia ile ile mwaliko uliyokuja nayo. Barua rasmi hujibiwa kwa barua rasmi yenye kumbukumbu namba ya mwaliko, na hupita masijala au ofisi ya mkuu wa taasisi kama taratibu zinavyotaka. Dokezo hujibiwa kwa dokezo. Mwaliko wa kwenye kalenda hujibiwa kwenye kalenda. Aliyealikwa kwa mdomo, mlangoni au kwenye ngazi, hujibu kwa mdomo kisha hufuatisha ujumbe mfupi wa maandishi, kwa sababu mwitaji mwenye mambo mengi atasahau yaliyosemwa kwenye ngazi.

Kundi la WhatsApp la ofisi lina hatari zake. Udhuru wa kwanza ukiwekwa hadharani, mara nyingi hufuatwa na mwingine na mwingine, hadi kikao kinakufa kabla ya kufanyika. Aliye mnyenyekevu humwandikia mwitaji pembeni, na kumwacha mwenyewe aamue kama atawaambia wengine. Mwitaji akiomba majibu yawekwe kwenye kundi, neno moja la udhuru linatosha pale, na maelezo hubaki pembeni.

Programu za kalenda zinahitaji uangalifu wa namna yake. Outlook humruhusu mwalikwa kukubali, kukubali kwa mashaka au kukataa, na kuandika maelezo kabla ya kutuma jibu. Humruhusu pia kukataa bila kutuma jibu lolote, chaguo ambalo halifai, kwani mwitaji hapati taarifa na ataendelea kumsubiri. Google Calendar ina ndiyo, hapana na huenda, pamoja na nafasi ya kuandika maelezo na kupendekeza saa nyingine. Kubonyeza “hapana” bila neno hata moja ni sawa na kutikisa kichwa mbele ya mtu aliyekusalimia. Sentensi moja ya maelezo huondoa ukali huo.

Kwa vikao vinavyojirudia kila wiki, programu huuliza kama jibu ni la kikao kimoja au la mfululizo wote. Aliyebonyeza haraka hujikuta amejitoa kwenye vikao vya mwaka mzima wakati alitaka kukosa Jumatatu moja tu.

Saa nazo hupoteza watu. Kalenda huonyesha 10:00 pale ambapo ofisi inasema saa 4:00 asubuhi, na 14:00 pale inaposema saa 8:00 mchana. Anayependekeza muda mwingine huandika na kipindi cha siku, “saa 8:00 mchana,” na kwa wageni wa Kiswahili huongeza saa ya kalenda. Kwa vikao vya nchi kadhaa, Tanzania, Kenya na Uganda ziko katika majira ya saa mamoja, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma kwa saa moja, na Oman iko mbele kwa saa moja. Sikukuu pia hazilingani: tarehe 8 Agosti na 14 Oktoba ni mapumziko Tanzania lakini siku za kazi Kenya, ilhali 1 Juni na 20 Oktoba ni mapumziko Kenya na siku za kazi Tanzania. Kumkumbusha mwitaji wa nchi jirani kwamba siku aliyochagua ni sikukuu ni udhuru kamili usiohitaji kuombewa radhi.

Sehemu za ujumbe wa udhuru

Ujumbe mzuri una sehemu tano, na zote huingia katika mistari mitano au sita. Kwanza salamu na jina au cheo cha mwitaji kama anavyoitwa ofisini. Pili shukrani fupi, ikitaja kikao chenyewe na tarehe yake ili mwenye mialiko mingi asichanganye. Tatu jibu lenyewe, wazi, mapema kwenye ujumbe: hatahudhuria. Nne sababu, kwa sentensi moja. Tano mchango, yaani kitu anachokitoa mahali pa kuwepo kwake: taarifa ya maandishi, maoni kwenye rasimu, mwakilishi, simu ya dakika kumi kabla ya kikao, au saa nyingine anayoiweza.

Sehemu ya tano ndiyo inayobeba udhuru, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Radhi zilizorudiwa mara tatu hazimsaidii mwenyekiti atakayefika ajenda ya nne na kukuta hakuna mwenye takwimu. Mchango uliotajwa huwekewa tarehe, na tarehe hiyo huwa kabla ya kikao. Maoni yanayofika kesho yake hugeuka malalamiko.

Kuhusu sababu, uchache ni heshima. Sababu ya kikazi hutajwa kwa kazi yenyewe: wakaguzi wapo, zabuni inafungwa, ripoti ya robo mwaka inatakiwa. “Nina kazi nyingi” haifai, kwa kuwa mwitaji naye ana kazi nyingi na atasikia kwamba yake imewekwa chini. Ugonjwa hutajwa bila maelezo ya tumbo wala vipimo. Msiba hutajwa kwa sentensi moja na hausindikizwi na ahadi ya kutuma chochote, kwani katika jamii za eneo hili hakuna anayetarajia mfiwa afikirie makabrasha. Likizo iliyoidhinishwa inajitosheleza. Mama anayenyonyesha ana haki chini ya sheria ya Tanzania ya kupewa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kumnyonyesha mtoto, naye hana haja ya kuziombea msamaha kikao kikiangukia hapo. Sala ya Ijumaa ina saa zinazojulikana, na mwitaji aliyesahau hukumbushwa kwa upole na kupendekezewa alasiri.

Sababu ya uongo huwa na maisha mafupi. Ofisi nyingi zina mtu ambaye bibi yake amekwisha kufa mara tatu, na siku atakapofiwa kweli hatapata mchango wa pole. Asiyetaka kusema sababu anaweza kusema “nina jukumu jingine saa hiyo” na kuishia hapo. Ni kweli, ni fupi, na haina cha kuchunguzwa.

Kukataa kulingana na cheo

Kwa mkuu wa kazi, udhuru huwa ombi la ruhusa, na huacha mlango wazi kwa uamuzi wake. Mfano: “Mkuu, habari za asubuhi. Nimepokea mwaliko wa kikao cha bajeti cha Alhamisi saa 4:00 asubuhi, nashukuru. Saa hiyo nitakuwa na wakaguzi, ambao wanafunga hoja zao siku hiyo. Naomba ruhusa yako nisihudhurie. Takwimu za idara nitazituma Jumatano kabla ya saa 9:00 alasiri, na mhasibu wetu yuko tayari kuzifafanua kikaoni. Ukiona ni lazima niwepo, nitawaomba wakaguzi wasogeze.” Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Inampa mkuu nafasi ya kupanga kipi kitangulie, na mara nyingi mkuu aliyepewa nafasi hiyo huchagua kumwachia mtu aendelee na wakaguzi. Vikao viwili vya wakuu wawili vinapogongana, mfanyakazi hachagui mwenyewe. Huwajulisha wote wawili na kuwaomba maelekezo, ili asionekane amempendelea mmoja.

Kwa mtu wa rika au mwenzake wa idara nyingine, ujumbe huwa mwepesi: “Habari dada, asante kwa kunikumbuka. Kikao cha Jumanne sitafika, nafunga ripoti ya robo mwaka. Nimesoma ajenda, langu liko kwenye namba 3 tu, na maoni nimeshayaandika kwenye rasimu. Ukihitaji ufafanuzi, nipigie kesho baada ya saa 8:00 mchana.” Ujumbe huu hauombi ruhusa, lakini unathibitisha kwamba ajenda imesomwa. Kuthibitisha hivyo ndiyo heshima anayoisubiri mwenzake.

Kwa aliye chini kicheo, hatari ni ukavu. Mkuu anayemjibu ofisa kijana kwa neno “sitaweza” humfundisha kwamba vikao vyake havina maana, na mwaka unaofuata hataletewa taarifa. Sentensi mbili zinatosha: kwamba kikao kiendelee bila yeye, na kwamba uamuzi utakaofikiwa ataukubali au ataupitia siku fulani. Kumpa ofisa mamlaka ya kuamua ni mchango mkubwa kuliko kukaa kiti cha mbele.

Kwa taasisi ya nje, mwalikwa halisi ni ofisi, hata bahasha ikiwa na jina la mtu. Jibu huidhinishwa na mkuu na huandikwa kwa lugha ya barua: “Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Tunashukuru kwa mwaliko wenu. Kutokana na majukumu yaliyopangwa awali, ofisi haitaweza kutuma mshiriki. Tuko tayari kupokea rasimu ya maazimio na kutoa maoni kwa maandishi. Tunawatakia kikao chenye mafanikio.” Barua ya aina hii haitaji udhaifu wa ndani, kama ukosefu wa fedha za safari, isipokuwa pale mwitaji anapoweza kugharimia na ofisi ikakubali kuliomba hilo.

Kutuma mwakilishi

Mwakilishi ndiye mbadala anayependwa zaidi na waitaji, na ndiye anayetumwa vibaya zaidi. Kwanza huulizwa mwitaji kama uwakilishi unaruhusiwa. Baadhi ya bodi na kamati huteua watu kwa majina, na mwakilishi wao huketi bila sauti wala kura. Pili, anayetumwa hupewa makabrasha, msimamo wa idara na mipaka yake: akubali nini, asikubali nini, na lipi aseme atalipeleka kwanza ofisini. Mwakilishi anayejibu kila swali kwa “nitamuuliza bosi” huwapotezea muda watu wote, na lawama humrudia aliyemtuma. Tatu, jina lake hutumwa mapema kwa katibu, hasa pale penye posho, kwa sababu malipo hutakiwa kulingana na orodha ya mahudhurio. Kusaini daftari la mahudhurio na kutoka, au kumsainia asiyekuwepo, si udhuru wa aina yoyote. Ni hoja ya ukaguzi inayosubiri mkaguzi.

Vikao vya mfululizo na vya nje ya saa za kazi

Kikao cha kila wiki hakifai kukataliwa wiki baada ya wiki kwa sababu tofauti. Aliyekikosa mara kadhaa mfululizo anajua tayari kwamba hakihitajiki naye, au yeye hahitajiki nacho. Njia ya heshima ni kuzungumza na mwitaji ana kwa ana mara moja na kupendekeza utaratibu wa kudumu: ahudhurie mara moja kwa mwezi, aitwe ajenda yake inapokuwepo, ajenda hiyo iwekwe mwanzoni ili aondoke baada ya dakika ishirini, au apate muhtasari tu. Waitaji wengi hukubali, kwa kuwa nao wamechoka kumsubiri.

Vikao vya baada ya kazi, Jumamosi au usiku vina upande wa kisheria. Nchini Tanzania saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na hulipwa kwa angalau mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, ingawa masharti ya saa za kazi hayawahusu wanaosimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mfanyakazi anayejua hayo haanzi kwa kutaja sheria. Huanza kwa kupendekeza saa ndani ya muda wa kazi, na sheria huiweka akiba kwa ajili ya mazoea yasiyokoma. Vikao vya harusi na michango vinavyofanyika ofisini jioni si vya kazi kabisa. Mchango ukitolewa mapema, kiti hakidaiwi.

Baada ya kikao

Udhuru hukamilika kikao kikishaisha. Aliyekosa huomba muhtasari, huusoma, na hutafuta jina lake kwenye safu ya utekelezaji, kwa maana ni kawaida ya vikao kuwagawia kazi wasiokuwepo. Akikuta kazi asiyoiweza, husema ndani ya siku moja au mbili, na asingoje kikao kijacho kifike kwenye yatokanayo. Akikuta mchango wake umenukuliwa vibaya, humwandikia katibu ili usahihishwe kabla muhtasari haujathibitishwa. Na aliyemwakilisha hupewa shukrani, kwa kuwa atahitajika tena.

Mfanyakazi anayekataa kwa utaratibu huu hajengi sifa ya mtu asiyepatikana. Waitaji hujifunza kwamba akisema hatakuja, taarifa yake itakuja, na akithibitisha kuja, ana la kusema. Ofisi isiyomruhusu mtu wa namna hiyo kukosa kikao hata kimoja ina tatizo la uongozi, na tatizo hilo halitatuliwi na barua ya udhuru iliyoandikwa vizuri. Linatakiwa lipelekwe kwa mkuu wa utumishi, likiwa na orodha ya vikao vya mwezi mmoja na saa vilizokula.